Noradrenalini, ubongo na maradhi ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kaunta ya duka la dawa. Wanaouliza ni wagonjwa walioandikiwa vidonge na hawakuelezwa kitu, wake na waume zao, vijana waliosoma jambo kwenye simu usiku wa manane, na mara moja moja mwanafunzi wa uuguzi mwenye mtihani kesho. Majibu ni ya mfamasia. Daktari anayekutibu ndiye mwenye faili lako.

Noradrenalini ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana habari. Mwili unaitengeneza kutokana na tirosini, inayopatikana kwenye maharage, mayai, samaki na nyama. Tirosini inageuzwa dopa, dopa inageuzwa dopamini, kisha kimeng'enya kimoja zaidi kinaigeuza dopamini kuwa noradrenalini. Kwa hiyo dopamini inayotajwa kila kona siku hizi ni mama yake mzazi.

Mwaka 1946 Ulf von Euler wa Sweden alionyesha kwamba hii ndiyo kemikali inayotumiwa na neva zinazoharakisha moyo na kubana mishipa ya damu. Mwaka 1970 akagawana Tuzo ya Nobel na Julius Axelrod na Bernard Katz. Kwa muda ilidhaniwa kuwa kazi yake ni ya mwilini tu, mpaka mwaka 1954 Marthe Vogt, akiwa Edinburgh, alipoonyesha kwamba imo ubongoni, tena imetawanyika kwa namna isiyoweza kuelezwa na mishipa ya damu peke yake.

Nikitakiwa kuieleza kwa sentensi moja, nasema hivi: mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Mbiu haisemi kama jambo ni moto, msiba au mkutano wa mwenyekiti wa kijiji. Inawatoa watu nje tu. Kila mmoja akishatoka ndipo anajua la kufanya.

Ina tofauti gani na adrenalini?

Ni ndugu wa karibu sana. Adrenalini inatoka zaidi kwenye tezi zilizoketi juu ya figo na inasafiri kwenye damu. Noradrenalini hutoka zaidi kwenye ncha za neva, palepale inapohitajika. Ukisoma maandishi ya Wamarekani utaiona ikiitwa norepinefrini. Ni kitu kilekile.

Jambo moja linawachanganya hata wanafunzi. Noradrenalini ya kwenye damu haipiti kuingia ubongoni. Mgonjwa wa ICU anayewekewa dripu yake ili presha isiporomoke anatibiwa mishipa ya damu, akili yake haiguswi moja kwa moja. Ubongo unajitengenezea ya kwake.

Ubongo unaitengenezea wapi?

Sehemu kubwa inatoka mahali pamoja padogo mno. Kwenye shina la ubongo, usawa wa nyuma ya kisogo, kuna kikundi cha seli kila upande, zenye rangi ya samawati. Wataalamu wanakiita lokusi seruleusi, Kilatini cha "mahali pa buluu". Mwaka 1964 Annica Dahlström na Kjell Fuxe, pia wa Sweden, walizichora seli hizi kwa kutumia mbinu inayozifanya zing'ae chini ya hadubini.

Kwa binadamu zinakadiriwa kufika 50,000 hivi, pande zote mbili, katika ubongo wenye seli za neva bilioni 86. Piga hesabu kwa Watanzania milioni 61 waliohesabiwa mwaka 2022: ni kama watu 36 tu kwa nchi nzima. Lakini kila seli ina nyuzi zilizotawanyika, na nyuzi hizo zinafika karibu kila mahali, kuanzia sehemu ya mbele ya ubongo, zikapita sehemu za kumbukumbu, mpaka kwenye uti wa mgongo. Wapiga mbiu ni wachache, sauti inafika kila mtaa.

Sasa inafanya kazi gani hasa?

Umepanda daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Kichwa kimeegemea kioo, unasinzia. Konda anaita Mtongani, husikii. Anaita Mtoni, husikii. Anaita Uhasibu, kituo chako, na macho yamefunguka kabla hujajua umesikia nini. Zile seli za buluu zimelia kwa mkupuo mfupi, na ubongo mzima umeambiwa: hili linakuhusu. Sauti ya konda imepanda, muziki wa dereva na stori za jirani vimeshuka.

Hiyo ni namna ya kwanza, mkupuo mfupi kwa jambo mahususi. Namna ya pili ni mlio wa chinichini unaoendelea muda wote ukiwa macho. Ukiwa mdogo mno, unazubaa. Ukiwa wa wastani, unasoma, unahesabu chenji bila kukosea, unamsikiliza mtu mpaka amalize. Ukipanda sana, kila kitu kinakuwa jambo: mlango, mlio wa simu, mtu aliyekuangalia mara mbili. Mbiu inayolia mfululizo haimwelekezi mtu popote, inatia kiherehere tu.

Robert Yerkes na John Dodson walianza kuliona jambo hili mwaka 1908 wakiwa na panya. Msisimko ukiongezeka kiasi, kujifunza kunaboreka. Ukizidi, hasa kwa kazi ngumu, kunaharibika. Siku hizi sababu mojawapo inajulikana. Noradrenalini ya wastani hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) vya aina ya alfa-2 kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kujizuia, na kuiimarisha. Ikizidi inafika kwenye vipokezi vingine, vya alfa-1 na beta, na sehemu hiyo ya mbele inalegea huku zile za hofu na mazoea zikishika usukani. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekesha wiki nzima anaingia chumba cha mtihani, anaona karatasi, na kila kitu kinafutika. Akifika nje getini majibu yote yanarudi. Hakuwa mjinga wala hakurogwa.

Na nikilala?

Seli za buluu hupunguza kasi usingizi unapoingia, na katika usingizi wa ndoto hunyamaza karibu kabisa. Ndiyo maana mtu mwenye wasiwasi analalamika kwamba mwili umechoka ila kichwa hakizimi.

Kwa nini siku ya ajali naikumbuka yote, lakini ya siku iliyotangulia sikumbuki hata nilikula nini?

Kwa sababu siku ile mbiu ililia, na sehemu za kumbukumbu zikaambiwa ziandike kwa wino. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwapa watu hadithi yenye picha, ambayo katikati yake mtoto anagongwa na gari. Baadhi walikuwa wamemeza propranololi, dawa inayoziba vipokezi vya beta, na wengine kidonge kisicho na dawa. Waliomeza kidonge kitupu walikumbuka zaidi sehemu ya ajali, kama ambavyo wewe na mimi tungekumbuka. Waliomeza propranololi waliikumbuka sehemu hiyo kama walivyokumbuka zile za kawaida tu.

Je, sonona ni upungufu wa noradrenalini?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu linataka subira, kwa sababu kwa miaka mingi jibu rasmi lilielekea kuwa "ndiyo".

Kisa chake kinaanza na mizizi. Miaka ya 1950 wagonjwa wa presha walikuwa wakipewa reserpini, dawa inayotokana na mti wa rauwolfia. Wa Bara Hindi ndio uliojulikana kwanza. Baadaye binamu yake wa misitu ya Afrika ukawa chanzo kikubwa, na mizizi yake ikasafirishwa ng'ambo kutoka Kongo. Baadhi ya waliotumia reserpini waliripotiwa kuzama kwenye huzuni nzito. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba dawa hii inamwaga akiba ya noradrenalini, dopamini na serotonini iliyohifadhiwa kwenye neva.

Wakati huohuo, upande wa pili, mwaka 1952 kwenye hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakijaribiwa dawa ya iproniazidi walianza kuchangamka. Watu waliokuwa hoi wakawa na hamu ya chakula na ya kuongea. Dawa hiyo, ikagundulika, inazuia kimeng'enya kinachovunja kemikali hizihizi. Kisha mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza kwamba imipramini inawainua wenye sonona, na Axelrod akaonyesha kwamba neva zina tabia ya kuivuta noradrenalini irudi ndani baada ya kutumika, na kwamba dawa za aina hiyo zinaziba mlango wa kurudia.

Unaona ilivyokaa vizuri? Inayomwaga inahuzunisha, zinazobakiza zinachangamsha. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut akaandika makala iliyojenga hoja kwamba baadhi ya sonona, kama si zote, zinatokana na upungufu wa kemikali hizi, noradrenalini ikiwa mbele.

Mashimo yalianza kuonekana taratibu. La kwanza kila mfamasia analijua: kidonge kinaziba mlango ndani ya saa chache, mgonjwa anapata nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Kama shida ingekuwa tenki kupungua tu, angeinuka siku hiyohiyo. La pili, kokeini nayo inaziba mlango uleule, na haitibu sonona. La tatu ndilo linalonivutia mimi zaidi. Watu wazima wenye afya, waliopewa kitu kinachopunguza utengenezaji wa noradrenalini, hawakupata sonona. Lakini watu waliokuwa wamepona kwa kutumia dawa za noradrenalini, walipopewa kitu hicho, huzuni ilirudi haraka.

Maana yake? Noradrenalini ni sehemu ya njia ya kutokea, hasa kwa mgonjwa ambaye sonona yake ni ya kuishiwa nguvu, kushindwa kukaza fikra na kupoteza hamu. Kwamba ndiyo chanzo hakujathibitishwa. Chanzo ni mchanganyiko wa kurithi, yaliyompata mtu, maradhi mengine ya mwili, ulevi, upweke. Nikisikia mgonjwa ameambiwa "una upungufu wa kemikali" naelewa mwenzangu alikuwa na foleni ndefu nje, ila nabaki na kazi ya kusahihisha, kwa sababu mgonjwa huyo baada ya wiki moja atakuja kuniuliza kwa nini tenki bado halijajaa.

Dawa zipi zinagusa noradrenalini?

Kwetu inayojulikana zaidi ni amitriptilini, kwa sababu ni ya bei nafuu na iko karibu kila mahali. Inaziba mlango wa kurudia wa noradrenalini na wa serotonini. Venlafaksini na duloksetini hufanya hivyohivyo kwa madhara tofauti. Mirtazapini inapita njia nyingine: inazima breki, yaani vipokezi ambavyo seli ya neva huvitumia kujiambia "imetosha". Fluoksetini kazi yake kubwa ni ya serotonini.

Mzee mmoja alirudisha pakiti ya amitriptilini siku ya sita. "Daktari, hii dawa yenu imenikausha mdomo kama nimebugia unga wa ubuyu, na raha yenyewe sijaiona." Kaunta wote tunaitwa daktari. Nikamwambia, mzee wangu, ukavu wa mdomo hautokani na noradrenalini, ni dawa kugusa vipokezi vingine visivyohusika. Sonona nayo inahitaji muda. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani, akaondoka na pakiti yake akiguna. Wiki ya tano alikuja kuchukua nyingine na akagombana nami kuhusu bei kwa dakika kumi nzima. Siku ile ya sita hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

Mambo matatu ambayo sitanii nayo. Usiache dawa ghafla kwa sababu umejisikia vizuri. Amitriptilini ikizidi dozi inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo isikae mahali ambapo mtoto anafika, na kama nyumbani kuna mtu aliyetaja kutaka kufa, ashikiwe pakiti na mtu mwingine na daktari aelezwe siku hiyohiyo. Na kama umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala siku tatu, kugawa mali na kuanzisha miradi kumi, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza, maana dawa za sonona, hasa hizi zinazogusa noradrenalini, zinaweza kukurusha huko.

Nilikwenda kwa ajili ya wasiwasi, nikapewa propranololi. Si ya presha hiyo?

Ndiyo, na hujaandikiwa kimakosa. Inaziba vipokezi vya beta, kwa hiyo mapigo ya moyo, mikono kutetemeka na jasho vinatulia, na ubongo ukiona mwili umetulia nao unapunguza kelele. Haiondoi fikra zenyewe za wasiwasi. Mwenye pumu asiiguse; hapo sina mjadala, hata kama jirani yake ilimsaidia.

Tangu ajali ya basi, mlango ukigongwa naruka. Usiku naiona tena. Hii nayo ni noradrenalini?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 1993 Steven Southwick na wenzake waliwachoma sindano ya yohimbini, kitu kinachozima ile breki niliyoitaja, maveterani 20 wa vita vya Vietnam waliokuwa na maradhi ya kiwewe. 14 kati yao walishikwa na hofu kali ya ghafla, na 8 walijiona wamerudi vitani. Mbiu ilikuwa tayari imepandishwa. Ilihitaji kuguswa tu.

Yohimbini hiyo inatokana na gome la mti wa Afrika ya Magharibi na Kati, na imo kwenye baadhi ya vidonge vya "nguvu za kiume" vinavyouzwa kwa kificho. Kijana akija moyo unamwenda mbio, ana hofu isiyo na sababu, mimi huuliza kwa sauti ya chini amemeza nini jana.

Tiba ya kwanza ya kiwewe ni mazungumzo na mtaalamu anayejua kukurudisha kwenye tukio kidogokidogo. Kwa ndoto mbaya, madaktari wengine hutoa prazosini, inayoziba vipokezi vya alfa-1. Majaribio madogo ya mwanzo yaliipa sifa. Jaribio kubwa la mwaka 2018 kwa maveterani 304 wa Marekani halikuona tofauti na kidonge kitupu. Ndiyo maana utasikia daktari mmoja anaisifu na mwingine anaitilia shaka. Wote wana sababu.

Mtoto wangu hatulii darasani. Anapewa dawa ya kuchangamsha. Si itamzidishia?

Inashangaza, lakini hapana. Metilfenideti na atomoksetini huongeza noradrenalini na dopamini kwenye ile sehemu ya mbele, ya kujizuia. Mtoto anayerukaruka mara nyingi amepungukiwa na breki, nguvu anazo kama wenzake.

Mirungi je?

Jani bichi lina katinoni, ndugu wa amfetamini, inayozifanya neva zimwage dopamini na noradrenalini. Ndiyo maana linafungwa kwenye jani la mgomba na kukimbizwa sokoni: katinoni inapungua nguvu baada ya siku mbili hivi. Mtafunaji anapata stimu, maneno yanamtoka, presha inapanda, usingizi unakimbia. Kesho yake anaamka mnyonge, ana hasira na kila mtu, anatafuta kishada kingine. Kenya ni zao halali la Meru, Tanzania ni kosa la jinai, ila ubongo hausomi sheria. Anayetafuna kwa wingi, au mwenye ndugu waliougua akili, anaweza kuanza kusikia sauti na kuona watu wanamfuatilia. Na mtu aliye kwenye dawa za sonona asichanganye bila kusema ukweli kwa daktari.

Arosto inahusianaje na haya?

Inahusiana sana. Arosto ni mateso ya kukosa unga. Unga, yaani heroini, unazinyamazisha zile seli za buluu. Zikinyamazishwa kila siku zinajifunza kupiga kelele zaidi ili zisikike. Siku unga unapokosekana, kizuizi kimeondoka na kelele imebaki: jasho, vipele vya baridi, machozi na kamasi, moyo mbio, kukosa kutulia. Klonidini inazishusha seli hizo, inapunguza mateso kwa kiasi. Methadoni inafanya zaidi, kwa sababu inashika vipokezi vilevile vya unga taratibu na kwa muda mrefu. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Mtu akikwambia arosto ni utovu wa nidhamu, mwambie aangalie ngozi ya mgonjwa. Vipele vile havisimami kwa kuigiza.

Naweza kupimwa damu nijue kiwango changu?

Kwa ajili ya akili, hapana. Kipimo kipo, kinatumika kutafuta uvimbe fulani wa tezi zile za juu ya figo. Hakisemi lolote kuhusu ubongo wako. Anayekuuzia kipimo cha "kemikali za furaha" anakuuzia karatasi.

Nile nini niiongeze?

Kula mlo wako wa kawaida. Tirosini haikosekani kwa mtu anayekula, na kimeng'enya cha hatua ya kwanza kinaamua kasi, kwa hiyo kujaza maharage hakutaongeza kitu ubongoni. Kutembea kwa miguu na kulala saa zilezile kutakusaidia zaidi ya unga wowote wa kopo.

Mama yangu anasahau, na amebadilika tabia. Kuna uhusiano?

Katika ugonjwa wa Alzheimer, kile kikundi cha seli za buluu ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kuonyesha mabadiliko, pengine miaka mingi kabla ya kusahau. Katika Parkinson pia seli hizo hufa, na inadhaniwa kuwa ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa wengi kupata sonona na wasiwasi, wakati mwingine kabla mkono haujaanza kutetemeka. Kwa hiyo mzee aliyeanza kununa na kujifungia ukubwani, ambaye hakuwahi kuwa hivyo, apelekwe hospitali. Msimwache kwa maneno ya "uzee huo".

Nilisahau kidonge jana usiku. Leo nimeze viwili?

Hapana. Kimoja, saa yako ileile.